Kupima Wanga, Sukari, Protini, Mafuta na Maji katika Sampuli za Viumbe Hai: Mwongozo Kamili

Malalamiko ya wapimaji ni yaleyale kila mara. Mmumunyo wa Benedict, yaani kemikali ya buluu inayopimia sukari, umebaki wa buluu ilhali sampuli ni tamu. Protini imetoa mashapo ya buluu badala ya rangi ya zambarau. Mafuta yamekataa kuonekana. Na iodini, ambayo huhesabiwa kuwa kipimo chepesi kuliko vyote, imepoteza rangi yake machoni pa mpimaji. Aghalabu lawama hutupiwa kemikali, ikidhaniwa kuwa imeharibika. Mara chache hilo huwa kweli. Mara nyingi kosa liko kwenye maji: yamekuwa mengi mno, hayakupata moto wa kutosha, yalikuwa moto pale yalipotakiwa kuwa baridi, au yaliingia kwenye mrija kabla ya wakati wake.

Si ajabu kwamba iwe hivyo. Takribani asilimia 70 ya uzito wa seli ni maji, na molekuli za uhai hutambulikana kwa namna zinavyopatana nayo. Katika molekuli ya maji, atomi ya oksijeni huvutia elektroni kuliko zile mbili za haidrojeni, kwa hiyo upande wa oksijeni huwa na chaji hasi kidogo na upande wa haidrojeni chaji chanya kidogo. Sukari ina vikundi vingi vya oksijeni na haidrojeni vinavyoshikana na maji kwa vifungo vya haidrojeni, ndiyo maana humumunyika. Mafuta yana minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni isiyo na chaji za namna hiyo, kwa hiyo maji huyatenga. Nadharia inayohitajika kabla ya kuanza ni hiyo tu. Iliyobaki itaelezwa kila moja katika hatua yake.

## Vifaa na kemikali

Andaa kila kitu mezani kabla ya kukata sampuli ya kwanza, kwa sababu sampuli iliyokatwa na kuachwa hewani hubadilika.

Vifaa:

- Mirija ya majaribio isiyopungua 12, kishikilio cha kuisimamishia, na kibanio cha kushikia mrija wa moto.
- Bika mbili za 250 cm³, jiko la umeme na kipimajoto.
- Dropa tofauti kwa kila kemikali, zikiwa zimeandikwa majina.
- Kinu na mchi, kisu, kigae cheupe, faneli, karatasi ya kuchujia na karatasi ya litimasi, ile inayoonyesha kama kitu ni asidi au alkali.
- Mizani inayosoma hadi 0.1 g au chini zaidi, na oveni inayoweza kutulia kwenye nyuzi 105 za Selsiasi.
- Miwani ya usalama, glavu na koti la maabara.

Kemikali:

- Mmumunyo wa iodini katika potasiamu iodidi.
- Mmumunyo wa Benedict.
- Asidi haidrokloriki iliyozimuliwa, yenye nguvu ya 1 mol/dm³.
- Unga wa sodiamu haidrojeni kabonati.
- Mmumunyo wa sodiamu haidroksaidi wa asilimia 10.
- Mmumunyo wa kopa salfeti wa asilimia 1, pamoja na fuwele kidogo za kopa salfeti.
- Ethanoli ya asilimia 95 au zaidi.
- Maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha kupozwa yawe maji tena.

Sampuli zinazotosha kujifunzia ni kiazi mviringo, kitunguu, ute wa yai, karanga, maziwa, glukosi, na sukari nyeupe ya mezani. Mwenye mzio wa karanga atumie mbegu nyingine yenye mafuta. Hakuna sampuli inayoliwa baada ya kuingia kwenye chumba cha vipimo, hata kama haijaguswa na kemikali.

Kuhusu maji yaliyokenekwa, watu hupenda kuyakwepa kwa kutumia ya bomba. Maji ya bomba huwa na chumvi za kalsiamu na magnesiamu, ambazo zinaweza kufanya ukungu zinapokutana na alkali. Ukungu huo ukitokea kwenye kipimo cha protini, mpimaji hana namna ya kujua umetoka wapi.

## Hatua ya 1: Kutayarisha mimumunyo na sampuli

Anza na iodini. Iodini peke yake humumunyika kwenye maji kwa shida sana, kiasi cha 0.3 g tu kwa lita. Kwa hiyo pima 2 g za potasiamu iodidi, zimumunyishe kwanza katika maji machache, kama 5 cm³, kisha tia 1 g ya iodini na ukoroge hadi chembe zote ziishe. Hapo ndipo unapoongeza maji hadi kufikia 300 cm³. Ukibadilisha utaratibu, yaani ukatia maji yote kwanza, iodini itakaa chini ya chombo kwa muda mrefu nawe utadhani umekosea vipimo. Iodidi huungana na iodini na kufanya ioni yenye atomi tatu za iodini, na ioni hiyo, kwa kuwa ina chaji, hupokewa vizuri na maji. Mmumunyo uliofaulu huwa na rangi ya chai ya rangi, isiyo na chembe chini.

Wanga wa kulinganishia hutayarishwa kwa kukoroga 1 g ya unga wa wanga katika maji baridi machache hadi uwe kama uji mwepesi, kisha kuumimina ndani ya 100 cm³ za maji yanayochemka huku ukikoroga. Punje za wanga zimefungamana. Hufunguka na kufyonza maji zikifika joto la nyuzi 60 hadi 70 hivi. Wanga uliokorogwa kwenye maji baridi pekee hutua chini, na mpimaji hujikuta akipima maji yaliyo juu yake. Uache upoe kabisa kabla ya kuutumia.

Kiazi, kitunguu na karanga hupondwa kwenye kinu, kila kimoja kwa zamu yake, na kinu huoshwa na kukaushwa kila mara. Kuponda kuna sababu: kuta za seli huzuia kemikali kuyafikia yaliyomo ndani. Kwa kiazi na kitunguu, ongeza kiasi cha 10 cm³ za maji yaliyokenekwa kwa kila 5 g, koroga, kisha chuja sehemu moja na uache nyingine bila kuchujwa. Karanga zisiongezwe maji hata tone. Sababu yake itaonekana katika hatua ya 6.

Ute wa yai uchanganye na maji mara tano ya ujazo wake. Ukiona mchanganyiko umeingia weupe wa nyuzinyuzi, usiutupe. Baadhi ya protini za ute huhitaji chumvi kidogo ili zimumunyike, na kuzimua kwa maji matupu huzifanya zijitenge. Tia chumvi ya mezani kiasi cha ncha ya kisu, koroga taratibu, na weupe mwingi utapungua.

## Hatua ya 2: Kuweka mirija ya ulinganisho

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo ingeokoa vipimo vingi. Kwa kila kipimo tayarisha mirija miwili ya ziada: mmoja una kitu unachokijua (wanga, glukosi au ute wa yai), na wa pili una maji yaliyokenekwa peke yake. Yote miwili itendewe kila kitu sawasawa na sampuli: ujazo uleule, matone yaleyale, muda uleule.

Mrija wa kitu kinachojulikana ukikosa kubadilika, kosa liko kwenye kemikali au kwenye utendaji, si kwenye sampuli. Mrija wa maji ukibadilika rangi, kuna uchafu, na mara nyingi uchafu huo umetokana na dropa moja kuchovywa kwenye chupa mbili. Usiendelee na sampuli kabla mirija hii miwili haijatoa majibu yanayotarajiwa.

## Hatua ya 3: Wanga

Weka 2 cm³ za sampuli iliyopoa kwenye mrija, au kipande chembamba cha kiazi juu ya kigae cheupe. Tia matone mawili ya iodini. Rangi ya buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi ni dalili ya wanga. Rangi ya kahawia ya iodini ikibaki ilivyo, hakuna wanga wa kuonekana kwa kipimo hiki.

Tazama kipande cha kiazi kwa karibu, ikiwezekana kwa lenzi ya mkono. Weusi hauenei sawasawa kama wino uliomwagika. Hujitokeza kwa madoa madogomadogo, kila doa likiwa mahali penye punje za wanga, na kati ya madoa hayo kuna njia za kahawia ambako hamna kitu. Kitunguu kilichofanyiwa vivyo hivyo hubaki cha kahawia, kwa kuwa chenyewe huhifadhi akiba yake kwa namna ya sukari badala ya wanga.

Kinachotokea ni hiki: sehemu ya wanga iitwayo amilosi ni mnyororo wa glukosi uliojisokota, kila mzunguko ukiwa na glukosi sita hivi. Iodini huingia ndani ya msokoto huo na kupangika mstari, na mpangilio huo ndio unaofyonza mwanga kwa namna inayotuonyesha buluu. Wanga wenye matawi mengi, uitwao amilopektini, hutoa wekundu wa zambarau badala ya buluu.

Hapa ndipo joto linapowaponza watu. Sampuli ikiwa moto, msokoto hulegea, iodini hutoka, na rangi hupotea. Ikipoa, rangi hurudi. Mpimaji aliyetia iodini kwenye wanga uliotoka jikoni huandika kwamba hakuna wanga, naye amekosea. Kuna vitu vingine viwili vya kuchunga. Vitamini C huigeuza iodini kuwa iodidi isiyo na rangi, hivyo juisi ya matunda inaweza kumeza matone kadhaa kabla rangi haijakaa. Ongeza matone hadi kahawia ibaki ndipo utoe hukumu. Alkali nayo huiharibu iodini, kwa hiyo usipime wanga kwenye mrija ambao tayari una sodiamu haidroksaidi au mmumunyo wa Benedict.

## Hatua ya 4: Sukari zinazotoa elektroni

Chemsha maji kwenye bika kwanza, yakiwa yamefika nusu ya bika. Weka 2 cm³ za sampuli iliyochujwa kwenye mrija, ongeza 2 cm³ za Benedict, tikisa, kisha utumbukize mrija katika maji yanayochemka kwa dakika 5. Usiweke mrija moja kwa moja kwenye moto: kimiminika hupata moto chini kuliko juu na kinaweza kuruka ghafla kikakuunguza.

Mmumunyo wa Benedict una ioni za kopa zenye chaji mbili chanya, ambazo ndizo zenye rangi ya buluu. Glukosi, fruktosi, maltosi na laktosi zinaweza kuzipa ioni hizo elektroni, zikabaki na chaji moja, na matokeo yake ni oksaidi ya kopa yenye rangi nyekundu ya tofali isiyomumunyika. Kadiri sukari inavyozidi ndivyo rangi inavyosogea kutoka kijani, kwenda njano, kisha rangi ya chungwa, hadi nyekundu ya tofali yenye mashapo chini.

Kosa la kwanza ni maji yasiyochemka. Mrija uliowekwa kwenye maji ya vuguvugu unaweza kubaki wa buluu muda wote wa kipimo hata ukiwa na glukosi, kwa sababu mwitiko huu huenda polepole mno pasipo joto. Kosa la pili ni kutoa hukumu kwa kutazama kimiminika cha juu peke yake. Toa mrija, uache utulie dakika mbili, kisha angalia chini. Kijani unachokiona mara nyingi ni mashapo machache ya njano yaliyochanganyika na buluu iliyobaki, nacho ni jibu la ndiyo, ila la sukari chache.

Usishangae kiazi kikitoa ukijani hafifu. Kiazi kina sukari kidogo, na kikiwa kimehifadhiwa kwenye baridi kali huwa nayo nyingi zaidi kwa kuwa sehemu ya wanga wake imevunjwa. Maziwa nayo yatatoa jibu la ndiyo kwa sababu ya laktosi. Ila protini yake inaweza kuganda ikafanya mabonge, kwa hiyo soma rangi ya mabonge pamoja na ya kimiminika. Ute wa yai unaweza hata kuingia uzambarau kidogo ndani ya Benedict, kwa kuwa mna kopa na alkali. Uzambarau huo hauhusiani na sukari.

## Hatua ya 5: Sukari ya mezani, inayokataa Benedict

Sukari nyeupe ya mezani, yaani sukrosi, ndiyo inayowachanganya watu kuliko kitu kingine chochote katika mwongozo huu. Ni tamu, humumunyika vizuri, lakini ukiichemsha na Benedict hubaki ya buluu. Sukrosi imeundwa na glukosi moja na fruktosi moja, na sehemu zile ambazo zingetoa elektroni ndizo hasa zilizoshikana. Ili zipatikane, kifungo hicho lazima kivunjwe, na kinachokivunja ni maji.

Inafaa kulitazama jambo hili kwa hesabu. Glukosi ni C₆H₁₂O₆, na fruktosi ina fomula hiyohiyo. Zikijumlishwa ni C₁₂H₂₄O₁₂. Sukrosi ni C₁₂H₂₂O₁₁, yaani pungufu ya H₂O moja kamili. Kwa uzito, 180 na 180 hufanya 360, toa 18 za maji, inabaki 342. Zilipounganishwa, molekuli moja ya maji ilitoka. Zikitenganishwa, moja lazima irudi. Kanuni hii ndiyo inayotawala pia wanga unapovunjwa kuwa glukosi, protini kuwa asidi amino, na mafuta kuwa asidi za mafuta na gliseroli. Kwa hiyo maji yaliyomo ndani ya mrija huu si chombo cha kubebea sukari tu. Yenyewe yanaliwa na mwitiko. Asidi kazi yake ni kuharakisha, na haipungui.

Fanya hivi:

1. Pima kwanza sehemu moja ya sampuli kwa Benedict kama ilivyo. Lazima ujue jibu la kabla ili jibu la baada liwe na maana.
2. Chukua 2 cm³ nyingine, ongeza 1 cm³ ya asidi haidrokloriki, na uweke mrija katika maji yanayochemka kwa dakika 5.
3. Toa mrija, upoze chini ya maji baridi. Kuupoza ni kwa usalama: hatua inayofuata hutoa gesi, na gesi ndani ya kimiminika cha moto hurusha asidi nje.
4. Tia unga wa sodiamu haidrojeni kabonati kidogokidogo, ukisubiri povu litulie kila mara, hadi kuongeza kwingine kusitoe povu. Chovya kijiti na uguse karatasi nyekundu ya litimasi. Igeuke kuwa buluu.
5. Ongeza 2 cm³ za Benedict na uchemshe tena kwa dakika 5.

Namba 4 ndiyo inayoamua. Benedict hufanya kazi katika alkali tu, na asidi iliyobaki huila kabonati iliyomo ndani yake. Ukiiona Benedict ikitoa povu unapoimimina, simama hapohapo, ongeza unga zaidi, kisha uanze namba 5 upya. Unga ukizidi kidogo hauna madhara. Ukipungua, kipimo chote kimekwenda bure.

Mafanikio ni buluu kabla ya asidi, na rangi ya chungwa au nyekundu ya tofali baada yake. Sukari ya rangi ya kahawia isitumike kama mfano hapa, kwani mara nyingi tayari ina glukosi na fruktosi kidogo na itatoa jibu la ndiyo kabla ya wakati.

Onyo moja la tafsiri: sampuli yenye wanga, kama kiazi, inaweza kuongeza wekundu baada ya asidi bila kuwa na sukrosi ya kutajika, kwa kuwa asidi moto huvunja na wanga pia. Kwenye sampuli kama hiyo usiandike “sukrosi ipo”. Andika kwamba kuna kabohaidreti iliyovunjwa na asidi.

Anayetaka kuuona uvunjaji huohuo bila asidi achukue wanga wa hatua ya 1, aongeze mate yake mwenyewe kidogo, na auweke mrija kwenye maji ya nyuzi 37. Kila baada ya dakika moja atoe tone na kulijaribu kwa iodini kwenye kigae. Weusi utafifia hadi kubaki kahawia, na Benedict itaonyesha maltosi. Kimeng'enya cha amilasi ndicho kinachofanya kazi hiyo, nacho huharibika kikichemshwa. Hiyo pia ni sababu ya kutovuta sampuli kwa mdomo: mate yakiingia kwenye mrija wa wanga, majibu huharibika, mbali na hatari ya kumeza kemikali.

## Hatua ya 6: Mafuta

Nimeyaleta mafuta kabla ya protini kwa sababu kipimo chake hakitaki moto wowote karibu, na ni vyema kuzima jiko sasa na kutolirudia hadi chupa ya ethanoli ifungwe. Mvuke wa ethanoli hushika moto hata kwenye joto la kawaida la chumba.

Weka 1 g ya karanga zilizopondwa, zikiwa kavu, kwenye mrija mkavu. Ongeza 4 cm³ za ethanoli, ziba kwa kizibo, tikisa kwa nguvu kwa dakika moja, kisha uache chembe zitue. Chukua kimiminika kiangavu kisicho na chembe, yaani kile kinachopitisha mwanga, ukimimine kwenye mrija mwingine wenye 4 cm³ za maji baridi. Ukungu mweupe kama maziwa ukijitokeza papo hapo, mafuta yapo.

Molekuli ya ethanoli ina upande mmoja unaopatana na maji na upande mwingine unaopatana na mafuta, kwa hiyo hubeba mafuta bila shida. Inapokutana na maji mengi, huyafuata maji na kuyaacha mafuta, nayo hujikusanya kuwa matone madogo mno yanayotawanya mwanga. Ndiyo maana sampuli na mrija vinapaswa kuwa vikavu. Maji yakiwamo tangu mwanzo, ethanoli huzimuliwa, hushindwa kuyatoa mafuta kwenye sampuli, na hata yale machache yaliyotoka huonekana kama ukungu mapema, ukachanganywa na vumbi la karanga.

Usimimine chembe pamoja na kimiminika, maana nazo hufanya ukungu. Wala usitumie maziwa kujifunzia kipimo hiki: maziwa tayari ni matone ya mafuta ndani ya maji, weupe wake ulikuwapo kabla hujaanza, na huwezi kudai kwamba ethanoli imekuonyesha kitu.

Ukiwa na shaka, sugua karanga kwenye karatasi na uiache ikauke. Doa la maji hutoweka. La mafuta hubaki linapitisha mwanga.

## Hatua ya 7: Protini

Weka 2 cm³ za ute uliozimuliwa kwenye mrija, ongeza 2 cm³ za sodiamu haidroksaidi, tikisa taratibu. Kisha tia kopa salfeti ya asilimia 1 tone kwa tone, ukitikisa kila baada ya tone, yasizidi matone matano. Rangi ya zambarau hujitokeza ndani ya dakika chache. Usichemshe.

Katika alkali, ioni za kopa hushikwa na naitrojeni za vifungo vya peptidi vinavyounganisha asidi amino. Vifungo viwili au zaidi vinahitajika ndani ya molekuli moja, na kwa sababu hiyo asidi amino zilizo peke peke hazitoi zambarau. Chakula ambacho protini yake imeshavunjwa kabisa kitakujibu hapana ilhali naitrojeni yake ipo yote.

Wanaopata mashapo ya buluu wametia kopa kupita kiasi. Ioni za kopa zisizopata peptidi ya kushikamana nayo huungana na haidroksaidi na kutengeneza mashapo mazito yanayofunika zambarau yote. Dawa yake ni kuanza upya kwa matone machache. Kuongeza sodiamu haidroksaidi juu ya mashapo hakusaidii kitu. Zambarau hafifu isomwe kwa kuweka karatasi nyeupe nyuma ya mrija na kuulinganisha na mrija wa maji, ambao wenyewe huwa na ubuluu kidogo.

Sodiamu haidroksaidi ya nguvu hii huunguza ngozi na inaweza kuharibu jicho. Ikikurukia, osha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, na kama ni jichoni, tafuta daktari hata kama maumivu yamepungua.

## Hatua ya 8: Maji yenyewe

Kwanza thibitisha kuwapo kwake. Chukua fuwele za buluu za kopa salfeti na uzipashe moto polepole hadi ziwe unga mweupe. Kilichotoka ni maji. Kila kopa salfeti moja hushika molekuli tano. Ukiona weusi, umepasha kupita kiasi na chumvi yenyewe imeharibika. Hifadhi unga huo kwenye chombo kikavu kilichofungwa, kwani hufyonza unyevu wa hewani na kurudi buluu bila kuguswa.

Weka mbegu kavu za nafaka kwenye mrija mkavu, uinamishe ili mdomo uwe chini kidogo kuliko kitako, na uzipashe moto kwa upole. Matone yatajikusanya karibu na mdomo. Mwinamo huo huzuia matone kurudi kwenye kioo cha moto na kukipasua. Gusisha unga mweupe kwenye matone: ukigeuka buluu, ni maji. Mbegu zilizokauka vizuri kwa ajili ya ghala bado huwa na maji ya asilimia 12 hadi 14 hivi, jambo linalowashangaza wengi. Ila simama kabla mbegu hazijaanza kubadilika rangi. Kabohaidreti inayoungua hutoa maji kutokana na haidrojeni na oksijeni zake yenyewe, na hayo si maji yaliyokuwa ndani ya mbegu.

Kisha pima kiasi. Kata kiazi vipande vyembamba, pima 20.0 g, vitandaze bila kupandana, na uviweke kwenye oveni ya nyuzi 105 kwa saa kadhaa. Vitoe, vipoze ndani ya chombo kikavu kilichofunikwa, upime, uvirudishe kwa saa moja, upime tena. Endelea hadi vipimo viwili mfululizo vilingane. Kupima mara moja na kutosheka ndiko kunakotoa majibu yaliyo chini ya ukweli, kwa kuwa maji ya katikati ya kipande huchelewa kutoka. Usipime vikiwa moto: hewa inayopanda kutoka kwenye kitu cha moto huyumbisha mizani.

Tuseme vimetulia kwenye 4.2 g. Maji yaliyotoka ni 15.8 g, na 15.8 gawanya kwa 20.0 ni asilimia 79. Kiazi cha kawaida huangukia karibu na hapo. Ukipata asilimia 60, rudisha vipande ovenini. Ukipata zaidi ya 85, angalia kama vimeungua pembeni.

## Kuandika majibu na kumwaga mabaki

Andika rangi uliyoiona, si hitimisho: “kijani, mashapo machache ya njano baada ya dakika 5”, kisha upande wa pili andika maana yake. Mirija ya ulinganisho nayo iingie kwenye jedwali. Jibu la hapana liandikwe “haikuonekana”, kwa sababu kila kipimo kina kiwango ambacho chini yake macho hayaoni kitu.

Mabaki yote yenye kopa, yaani ya Benedict, ya protini na ya unga mweupe, yakusanywe kwenye chupa moja iliyoandikwa jina, kwani kopa ni sumu kwa samaki na viumbe wengine wa majini. Mabaki ya ethanoli yawe na chupa yake, mbali na moto. Ya iodini yaongezewe vitamini C kidogo hadi rangi ipotee, ndipo yamwagwe kwa maji mengi. Mirija yenye wekundu uliogandia ukutani huoshwa kwa asidi haidrokloriki iliyozimuliwa, nayo asidi hiyo ikishatumika huingia kwenye chupa ya kopa taratibu, maana kabonati iliyomo itatoa povu. Kifuniko kisikazwe hadi povu liishe.